Bi Pindo na Kanzu Zilizoonyesha Mdundo

Baada ya miaka thelathini na moja ya kushona maleba ya jumba letu la maigizo, mkuu wa chumba cha ushonaji anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Sote humwita Bi Pindo, kwa kuwa hakuna vazi lililowahi kupanda jukwaani kabla hajaligeuza na kukagua pindo lake, hata kama aliyelivaa ni mfalme na pazia liko mbioni kufunguliwa.

Alianza kwa kushona vifungo na kupiga pasi katika chumba kile kile cha nyuma ya jukwaa, chenye cherehani tatu na dirisha linalotazama ngazi. Akapanda akawa mkata nguo, kisha mkuu. Amevika malaika, majambazi, na safari moja ng'ombe aliyeigizwa na waigizaji wawili walionuniana ndani ya vazi moja. Aliwapatanisha kwanza, ndipo akawafungia zipu.

Taa za kushonwa kwenye nguo zilipoingia katika fani yetu, hakuzipenda. Za kwanza aliletewa na shemeji yake, fundi redio: taa ndogo, bapa kama vifungo, zenye matundu pembeni, zinazounganishwa kwa uzi unaopitisha umeme hadi kwenye betri iliyofichwa mfukoni. Alimjibu shemeji kwamba yeye anashona nguo, hafungi nyaya. Kesho yake tulimkuta ameshashona moja kwenye kola ya koti kuukuu, anaiwasha na kuizima, huku akijifanya anatafuta mkasi.

Kisha mchezaji wetu mkuu wa ngoma aliugua. Alipopona, masikio yake hayakusikia tena. Wepesi wa mwili ulikuwa ule ule, ila mdundo haukumfikia. Hata sakafu yetu ya zege haikumpa mtetemo miguuni. Mwongozaji, kwa moyo mzito, akaanza kutafuta mtu wa kushika nafasi yake katika mchezo mpya. Bi Pindo alipopata habari, alimwendea ofisini, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

“Kama hasikii ngoma, tutamwonyesha,” alimwambia. “Usimpe mtu mwingine nguo yake kabla sijajaribu.”

Alishona kanzu ya mpiga ngoma, akaijaza taa kifuani, na kwenye mkono wa kanzu akaficha kidude kinachohisi mtikisiko. Kila kiganja kilipotua kwenye ngoma, kifua kiliwaka. Siku ya mazoezi mpiga ngoma alitoka jasho, nyuzi mbili zikagusana, taa zikapiga shoti na kuzimika. Mchezaji akabaki katikati ya jukwaa, mikono ikiwa hewani. Hakuna aliyejua amtazame nani.

Bi Pindo aliichukua kanzu, akaketi ukingoni mwa jukwaa, akaanza kuifumua mbele yetu sote. Safari hii kila uzi aliupa njia yake ndani ya bitana, na katikati akaweka kitambaa kisichopenyeza maji. Taa zikatulia. Likabaki tatizo la mchezaji anapogeuka na kumpa mpiga ngoma mgongo. Akamwomba mwongozaji aweke mpiga ngoma wa pili upande wa pili wa jukwaa, naye akamshonea kanzu kama ile.

Siku ya ufunguzi mchezaji wetu alicheza mwanzo hadi mwisho bila kupoteza hata pigo moja. Watazamaji walitoka wakisifu urembo wa kanzu. Hawakujua kazi yake, wala Bi Pindo hakutaka waambiwe. Alisema watu wamekuja kuona ngoma, si maradhi ya mtu. Mchezaji alimfuata chumbani akamkumbatia kwa muda mrefu, na Bi Pindo akalalamika kwamba rangi ya uso itachafua nguo. Lakini yeye mwenyewe hakumwachia. Tulijitia hatukuona.

Leo kikundi chetu kina wachezaji wengine wawili wasiosikia, waliokuja wenyewe baada ya habari kuenea, na mchezaji yule ndiye mwalimu wao. Hilo ndilo tunalojivunia kuliko tuzo zote zilizotundikwa ukumbini.

Bi Pindo, ahsante kwa mikono yako na kwa ubishi wako. Tunakuombea macho mazuri, magoti yasiyolalamika na wajukuu wanaokubali kupimwa bila kutoroka. Pumzika kwa raha. Kiti cha mbele ni chako, na safari hii ukae uutazame mchezo mpaka mwisho.