Siku Nilipomwambia Sista Nakufa

Kina mama wa kikundi, asanteni kwa kunisimamisha mbele. Nitaongea kidogo tu, na yule anayecheka pale nyuma anajua kidogo changu kilivyo.

Kazi yangu ni kubanika samaki hapa Usenge. Niliteleza ufuoni na beseni, nikavunjika mkono huu wa kulia, karibu na kiwiko. Jameni, huu mkono ndio unalisha nyumba yangu! Nikapelekwa Kisumu. Daktari wa ganzi akasikiliza kifua changu cha moshi, akasema, "Mama, wewe sitakulaza usingizi kwa dawa. Nitatia ganzi mkono peke yake."

Akaleta ile mashine ya picha wanayopimia wajawazito. Nikaruka. "Daktari, kilichovunjika ni mkono! Mambo ya mimba nilishamalizana nayo!" Chumba kizima kikacheka. Akanieleza anatafuta mishipa ya fahamu hapa juu ya bega, ili sindano isiguse pafu. Mkono ukafa ganzi, wakauunganisha huku nikipiga domo.

Sasa sikieni. Baadaye wodini kifua kikaanza kubana. Nikajiambia, aah, huu ni moshi wangu wa kila siku. Sisi tumezoea, si ndiyo? Sista akiuliza, najibu, "Niko sawa." Sawa gani! Pumzi zilikuwa zinakatika, nikaanza kuwaza watoto wangu watabaki na nani. Aliporudi nikamshika nguo: "Sista, nakufa."

Daktari akaja mbio na mashine ileile, akaiweka kifuani. "Pafu la upande huu halitelezi inavyotakiwa," akasema. "Hewa imevuja nje yake, inalifinya." Kumbe sindano, pamoja na uangalifu wote, ilikuwa imeligusa kidogo. Hakunificha. Wakanitia mrija ubavuni, hewa ikatoka, nikavuta pumzi. Mungu wangu, pumzi tamu! Nililia kwa furaha mbele ya watu wote.

Leo nageuza samaki kwa mkono huuhuu, na wale mliosema nitauza jiko langu la kubanikia, shauri yenu! Namshukuru daktari, namshukuru sista, na ninyi mliowapikia watoto wangu. Ero kamano, asanteni sana. Lakini ndugu zangu, nawaambia: ukiulizwa hospitalini unajisikiaje, usiseme uko sawa ili kumridhisha mtu. Sema panapobana. Mimi ningenyamaza kidogo tu zaidi, leo mngekuwa mmekaa hapa mkichangia jeneza langu.