Tairi Kwanza, Salamu Baadaye: Bi. Perpetua Arot Ekidor Anapumzika

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bi. Perpetua Arot Ekidor, mkuu wa kitengo chetu cha usafiri Lodwar na Kakuma, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025. Jumatatu asubuhi hatakuwepo pale getini, amepiga magoti kando ya gari, na sijui magari yatajuaje kwamba kazi imeanza.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ni muuguzi wa ambulensi, na nimekaa ndani ya magari yake kuliko mtu yeyote wa shirika hili isipokuwa madereva. Madereva nao walisema wazi kwamba kazi yao ni kuendesha, na kuandika wakanitwika mimi. Basi mnivumilie. Nikimsifu kupita kiasi, jueni nampenda. Nikimtania, jueni yeye amenitania zaidi.

Bi. Arot ni mzaliwa wa Kalokol. Aliajiriwa kama karani wa stoo, wakati ofisi yetu ya Lodwar ilikuwa vyumba viwili na uwanja wa vumbi. Madereva wa siku hizo walikuwa wanaume watupu, na walizoea kumtuma chai. Aliipeleka, kisha akabaki hapohapo akiangalia wanavyofungua tairi na kuziba pancha, mpaka wakaacha kumwona kama mgeni. Ndipo siku moja, katika safari ya kupeleka chanjo Nariokotome, dereva akashikwa na malaria njiani. Bi. Arot, aliyekuwa amepanda ili kukabidhi vifaa, alimlaza kiti cha nyuma na kushika usukani. Chanjo zilifika zikiwa baridi. Malalamiko ya pekee ya mgonjwa yalihusu namna alivyoingiza gia ya tatu. Haikupita muda akapata leseni na kuwa dereva wa kwanza mwanamke hapa kwetu, baadaye msimamizi wa gereji, na mwishowe mkuu wa kitengo kizima. Chai akaanza kuletewa.

Desturi yake ya asubuhi kila mtu anaijua. Bi. Arot hasalimu mtu kabla ya kukagua tairi. Analizunguka gari, anapiga magoti, anapitisha kiganja juu ya mpira na ubavuni, anachomoa miiba ya mti wa mathenge kwa koleo, anapima upepo kabla jua halijazipasha tairi moto. Akimaliza ndipo anasimama na kukuambia "ejok", salamu ya Kiturukana, kwa furaha, kana kwamba umefika sasa hivi. Mkurugenzi mmoja mgeni kutoka Nairobi aliwahi kusimama na mkono hewani mpaka akauteremsha, akidhani amemkosea. Wala hakuwa amemkosea. Alikuwa tu amesimama mbele ya tairi ambayo haijakaguliwa.

Mtu wa namna hiyo ungetarajia gari lake mwenyewe livae vizuri. Hapo ndipo alipotunyima raha mwaka huu mzima. Kuanzia wiki ijayo, Probox yake nyeupe ya siku nyingi ndiyo itakayokuwa ikimpeleka Kalokol na kumrudisha Lodwar, maana yeye na dada zake wanaanza biashara ya samaki wakavu. Tairi za gari hilo alizinunua kuukuu, na kwa sasa zimekwisha hadi unaweza kujipangusia uso. Barabara yenyewe mnaijua: joto, mashimo, na mchanga unaovuka unavyotaka. Tulimsema jikoni, tukamsema mkutanoni, tukamsema kanisani. Jibu lake halikubadilika.

"Kwani mimi nabeba nani? Nabeba samaki. Samaki ikianguka itaumia?"

Watu wakacheka, naye akaondoka na gari lake la hatari. Mimi sikucheka. Niliogopa, na ili mjue kwa nini niliogopa lazima nirudi nyuma kidogo.

Zamani, kabla ya lami, Bi. Arot alikuwa mtetezi mkuu wa tairi za bei nafuu. Aliyetaka kununua zile za majina makubwa alipelekwa stoo na kufunuliwa kopo la siagi lililojaa miiba aliyoichomoa mwenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba mwiba wa mathenge hausomi jina la kampuni. Na kwa barabara ile ya mawe na makorongo, ambapo gari lilitambaa siku nzima kutoka Lodwar hadi Kakuma, alikuwa na haki. Tairi ya bei kubwa ilichanika ubavu kwenye jiwe sawasawa na ya bei ndogo, na kwa mwendo ule hakuna aliyeumia. Ulishuka, ukapiga jeki, ukamlaani aliyekutuma, ukaendelea. Alinunua za bei nafuu nyingi, akaweka spea mbili kila gari, na kazi ikaenda.

Kisha lami ikaja. Wote tulishangilia. Kakuma ikasogea karibu, madereva wakagundua gia ambazo hawakuwahi kuzitumia, na mgonjwa aliyekuwa akifika hospitali ya Lodwar amechoka kwa kurushwarushwa akawa anafika amelala. Kitu kimoja tu hakikubadilika: tairi zilikuwa zilezile.

Adhuhuri moja tulitoka Kakuma na Nyibol, mama wa kambini kutoka Sudan Kusini, ambaye uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hashuki. Ilibidi apasuliwe Lodwar. Dereva wetu Ekal alikuwa kwenye usukani, nami nyuma nimeshika mkono wa Nyibol. Katikati ya njia, mahali ambapo hata mbuzi hawasimami, tairi ya nyuma ikapasuka kwa kishindo. Gari likayumba upande wa pili wa barabara, likarudi, likayumba tena. Nililala juu ya Nyibol ili asitupwe. Yeye alikuwa akiomba kwa Kidinka, mimi naomba kwa lugha zote ninazozijua. Ekal alikataa kukanyaga breki ghafla, akaliacha gari lipoteze mwendo lenyewe mpaka likatulia mchangani. Aliposhuka kubadilisha tairi, nati zikamwanguka mchangani. Tulifika. Nyibol alipasuliwa salama na mtoto akalia vizuri. Lakini tangu siku hiyo nikisikia mfuko wa chipsi ukipasuliwa naruka.

Bi. Arot alikuja kuliona gari bado tukiwa hospitali. Aliingiza mkono ndani ya tairi iliyopasuka, akaugusa mpira uliobanduka vipande vipande kwa joto la lami, mwendo na uzito. Kashata, yaani meno ya juu ya tairi, zilikuwa bado nene, na asubuhi yake fundi wa Kakuma alikuwa ameikagua kama alivyofundishwa na hakuona ubaya. Ekal alianza kujieleza. Akamkatiza.

"Wewe umeshika gari. Hii tairi ni mimi nilinunua. Barabara imebadilika, mimi nimebaki tu palepale."

Maneno hayohayo aliyarudia Jumatatu mbele ya wakubwa, bila kuulizwa. Wengine wetu tukiteleza huwa tunatafuta wa kumbandika kosa. Yeye aliomba apewe nafasi ya kurekebisha, kisha akafanya jambo ambalo sijaona kwingine. Tairi ile iliyopasuka aliipeleka kwa fundi wa akala pale sokoni Lodwar, ubavu uliobaki mzima ukakatwa na kuwa viatu, na viatu hivyo ndivyo anavyovaa mpaka leo. Mgeni akiona mkuu wa kitengo amevaa akala mkutanoni hudhani ni mambo ya utamaduni. Sisi tunajua anatembea juu ya nini.

Fedha za kuvalisha magari yote tairi bora hazikuwepo, na hazijawahi kuwepo. Ndipo alipoanzisha maswali yake matatu, ambayo sasa hata walinzi wanayajua: gari linaenda wapi, linabeba nini, na nani anaendesha. Ambulensi zilipata tairi bora, zote kwa mara moja, maana hakutaka kusikia habari ya mbili nzuri mbele na mbili za bei nafuu nyuma. Alisema huko ni kuvaa buti mguu mmoja na mguu mwingine akala. Lori la vifaa, linalotembea polepole, likabaki na zile za bei nafuu, na yeye akazitetea: zina kazi yake, mradi zisiwe zimekaa juani dukani hadi zikakauka, na mradi dereva asijifanye yuko kwenye mashindano. Gari la mkurugenzi nalo likavalishwa za bei nafuu, pamoja na karatasi kwenye dashibodi inayomwomba aende taratibu. Mkurugenzi alinung'unika wiki nzima. Baadaye alikiri kwamba ameanza kuona ngamia wa kando ya barabara, ambao zamani walimpita kama ukungu.

Tangu maswali hayo yaanze, hakuna mgonjwa wetu aliyekwama juani kwa ajili ya tairi iliyopasuka. Haya ndiyo mafanikio yake makubwa. Hayaonekani, kwa sababu ni mambo ambayo hayakutokea, na ndiyo maana nayaandika hapa.

Sasa mnaelewa kwa nini ile Probox ilitukosesha usingizi. Mwanamke aliyetuvalisha sisi sote alikuwa anajihesabu pamoja na samaki. Tuliamua kwamba zawadi ya kumuaga itakuwa tairi, na papo hapo tukaanza kugombana. Wengine walisema tununue za bei nafuu ili ibaki pesa ya mbuzi wa sherehe. Wengine walisema bora, hata kama mbuzi atakosa. Wengine wakasema gari lenyewe limezeeka, kulivalisha tairi bora ni kumpaka bibi kizee rangi ya kucha, kauli iliyowaudhi mabibi kadhaa waliokuwepo. Tulibishana mpaka mtu akasema kwamba anayejua jibu ni mmoja tu.

Basi tukamtuma Magloire, fundi wetu wa tairi wa gereji ya Kakuma, Mkongomani mwenye uso usioweza kudanganya, akamdanganye Bi. Arot. Katika uongo wetu, gari tulilihamishia barabara ya Lokichogio ili asishtuke. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango wa stoo, na ninaapa niliyasikia haya yote.

"Mama, kuko mama moja wa kwetu," Magloire alianza, akiangalia chini. "Iko na gari ya zamani. Tunataka kumununulia pneu, hizi tairi. Ya bei ya chini ao ile ya nguvu?"

"Gari inaenda wapi?"

"Njia ya Lokichogio. Kila wiki."

"Inabeba nini?"

"Mizigo kidogo, Mama. Na yeye mwenyewe."

"Nani anaendesha?"

"Ni yeye. Peke yake."

Nilifumba macho. Nilijua atasema za bei nafuu, na hapo tungekuwa tumejifunga wenyewe. Bi. Arot alifuta koleo lake kwa kitambaa.

"Huyo mama ako na watu wanamngoja?"

"Wako wengi, Mama. Wengi sana."

"Sasa mbona unasema inabeba mizigo? Hiyo gari inabeba mama ya watu. Mwekee ile nzuri. Zote nne, usichanganye. Na spea."

Magloire alishukuru, akatoka, akakaa nyuma ya stoo akilia. Nililia naye, sioni haya kusema. Mchango ulipoanza, Nyibol alisikia kule Kakuma, akafunga kibanda chake cha chai na kupanda gari hadi Lodwar ili asiachwe nje.

Bi. Arot, yule mama ni wewe. Ufunguo wa Probox ulioutafuta asubuhi hii hukuupoteza. Wakati wasifu huu unasomwa, Ekal na Magloire wako getini na jeki mbili, na Nyibol anawasimamia kuhakikisha hawachanganyi. Ni tairi nne nzuri, zimehifadhiwa kivulini, na ya tano iko nyuma ya gari. Mbuzi naye yupo. Ilibainika kwamba waliobishana sana ndio waliokuwa na mbuzi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Lodwar na Kakuma, na wagonjwa waliofika bila kujua kwamba kuna mtu aliyepiga magoti alfajiri kwa ajili yao, tunakushukuru. Tunakuombea upepo mwanana wa ziwa, biashara yenye wateja wasiokopa, na miaka mingi ya kwenda na kurudi. Tunajua utataka kwenda kukagua kabla ya kutupa mkono wa kwaheri. Nenda ukakague zote tano. Tutangoja.