Nahodha Aliyempa Ndama Mgongo

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, nahodha wa boti yetu ya utafiti anastaafu. Kitambulisho kina jina lake, lakini hapa kituoni ni Zima Mashine, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza kila pezi jeusi linapochomoza majini.

Aliajiriwa kama fundi wa injini, hajui kama nyangumi muuaji ana meno au hana. (Anayo, tena si haba.) Lakini mtu wa kuuliza huyu! Aliwaganda watafiti mpaka wakamfundisha: kila nyangumi hutambulika kwa pezi na baka la kijivu mgongoni, kama sisi kwa sura zetu, kila ukoo una milio yake, na mara nyingi bibi ndiye anayeongoza njia ya kwenda kwenye samaki. Aliposikia kwamba madume hukaa na mama zao mpaka utu uzima, akasema basi shemeji yake tumemsema bure, kumbe ni nyangumi. Shemeji, ambaye ndiye kinyozi wake, alijibu kwa mkasi. Wiki nzima nahodha alivaa kofia.

Tutamkumbuka zaidi kwa yule ndama yatima wa nyangumi. Alifiwa na mama, akapotezana na ukoo wake, akaingia bandarini peke yake. Watu wakampenda kupita kiasi: wanamrushia samaki, wanamkuna kichwa. Watafiti wakaonya kwamba akizoea watu hatarudi kwao, na ipo siku panga za injini zitamkata.

Zima Mashine akapewa ulinzi. Alizunguka na boti akiwasihi watu wamwache, akaitwa roho mbaya, hata na mama mkwe wake. Mungu naye ana mambo: ndama akamzoea mlinzi! Boti ikiwaka tu, huyo, ubavuni. Watafiti wakabaki kukuna vichwa. Nahodha mwenyewe akaomba ashushwe nchi kavu, akapangiwa kupaka rangi karakana. Ndama akawa anakuja gatini kumlilia, na karakana iko hapo hapo. Hakutoka. Tulimkuta akisali, brashi mkononi.

Ndipo ukoo wa ndama ukapita nje ya bandari. Kipaza sauti chetu cha chini ya maji kikaleta milio yao. Ndama akajibu, akaelekea kwao. Tulikimbia kumwita nahodha aje amwone. Akakataa kukanyaga gati, asije akamrudisha nyuma.

Waliambiana nini pale? Wataalamu hawajui mpaka leo. Zima Mashine anashikilia kwamba mama mdogo wa ndama alimuuliza kama amekula.

Mwaka uliofuata alirudi kwenye usukani. Ukoo ukapita karibu, ndama kanenepa, yuko nyuma ya mama yake mdogo. Hakuigeukia boti hata kidogo. Sisi tulisononeka. Nahodha alivua kofia, akamshukuru Mwenyezi Mungu, akasema hakuna salamu nzuri kuliko hiyo.

Asante, kaka yetu, kwa kutufundisha kupenda bila kung'ang'ania. Leo ni zamu yetu, na kwa kweli tunashindwa. Nenda salama, Mungu akutunze wewe na wa nyumbani kwako.