Ovaroli Isiyo na Grisi

Mimi, kiranja mstaafu wa bweni, natangaza rasmi kwamba sina tabia ya kusikiliza mazungumzo ya watu. Katika treni ya asubuhi kwenda Namanve nilisogeza sikio tu.

Mwanamume mmoja alisimama ameshika nguzo, jina Mushagalusa limeshonwa kifuani mwa ovaroli yake. Mama mwenye hijabu, aliyekaa kando yangu, alimkagua. "Baba, fundi wa mashine gani huyu hana hata tone la grisi?"

"Siko tena kwenye mashine, mama. Iliniponda mguu. Nilipopata nafuu, bosi akaniweka getini niandike majina ya wageni."

"Kazi ya kukaa. Alhamdulillahi."

"Mama, ile mashine nilikuwa nawafundisha wengine. Sasa haohao wananiita Madamu wa Geti." Akashusha sauti, nami nikasogeza sikio la pili. "Jioni najipaka grisi mikononi kabla ya kufika nyumbani. Mke wangu hajui."

"Ovaroli hiyo anafua nani?"

"Yeye."

"Basi anajua."

Mushagalusa akahamishia uzito kwenye mguu mzima.

"Na bado umesimama?" mama akauliza.

"Nikiomba kiti, lazima niseme sababu."

Mama akanigeukia. "Ningekuambia umpishe, mwanangu, lakini nawe mkono umevunjika. Pole."

Treni ikasimama Kireka. "Haujavunjika, mama," nikasema, nikaanza kufungua bandeji. "Niliufunga ili nipate kiti."