Msinivushe Crestas

Sogeeni wanangu, Ladina na wewe Gieri, maana sauti yangu haifiki mbali tena na huo upepo unanipokonya nusu ya maneno. Ila kabla sijasema lolote, Gieri, vua hivyo viatu vya skii, vya kutelezea thelujini. Unadhani kwa kuwa macho yamefifia, sisikii vifungo vikibanwa? Huendi kumwita daktari leo. Helikopta hairuki, barabara imefungwa, na kati yetu na kijiji kuna mteremko wa Crestas, ambao upepo umeurundikia theluji siku tatu mfululizo. Asubuhi ulichimba shimo nyuma ya zizi, ukamnong'oneza dada yako kwamba chini kuna tabaka la chembechembe kama sukari, hazishikani, na theluji yote ya juu yaweza kuporomoka. Sasa mtu anayejua hivyo anavaa viatu aende wapi?

Najua, unanihangaikia mimi. Ndiyo maana nitawaambia jambo ambalo hata marehemu mama yenu sikumwambia.

Babu yenu alifariki katika dhoruba kama hii. Mnaijua desturi yetu: njia ya makaburini kijijini ikiwa mbaya, maiti hulazwa juu ghalani, kwenye baridi, hata wiki tano, mpaka theluji itulie. Lakini akina Caduff, tuliokuwa tukigombana nao kwa ajili ya msitu, walikuwa wamemzika mzee wao siku ya tatu katikati ya dhoruba, na mimi nikaapa kwamba baba yangu hatakaa ghalani kama jibini. Siku ya tatu mawingu yakapasuka, tukatoka na jeneza, mimi mbele, kaka yangu Duri nyuma. Katikati ya Crestas nikasikia theluji ikiguna chini ya miguu yangu, vumm, ikadidimia kidogo. Kila mtoto wa hapa anajua maana yake. Rudi! Lakini nilikuwa nimewaona akina Caduff wamesimama mbele ya kanisa wakitutazama, nikaona haya kugeuka, nikanyamaza, nikapiga hatua nyingine. Mteremko mzima ukatuporomokea. Duri tulimpata mwezi wa tano, theluji ilipoyeyuka.

Watu walisema ni ajali. Haikuwa ajali, wanangu. Nilimuua kaka yangu kwa kuona haya, na miaka hamsini na mbili nimekula nikimwona, nimelala nikimwona. Na waliotufikia wa kwanza siku ile, wakichimba kwa sepetu na kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, ni hao hao akina Caduff.

Nipe maji, Ladina. Kidogo tu.

Haya, Gieri, hivyo. Viatu viweke karibu na jiko.

Nyumba na ng'ombe ni vya Ladina, maana ndiye aliyeamka alfajiri kuwakamua wakati wewe ukizurura milimani, na usinune, unajua ni kweli. Msitu wa juu ya nyumba ni wako, Gieri, na hata msonobari mmoja usikatwe, kwa sababu ile misonobari ndiyo inayoizuia theluji isitufuate kitandani. Kipande tulichogombania na akina Caduff, warudishieni. Nendeni wote wawili, mkaseme baba yetu, Balzer, amewaomba radhi. Mzee Caduff wa sasa atatukana kwanza. Mwacheni atukane, kisha kunyweni naye.

Nikifa, nipandisheni ghalani, mnifunike lile blanketi la kijivu. Msinivushe Crestas mpaka theluji itulie, hata ikifika Pasaka, mimi sina haraka. Na siku mtakayonibeba, mmoja wenu akisikia ile vumm, apige kelele, hata askofu akiwa mbele, mrudi nami nyumbani. Msimwonee haya mtu yeyote.

Mungu awabariki... awape maziwa mengi, na watoto wabishi kama ninyi... na moyo wa kugeuka mkiwa katikati ya njia. Nimewasamehe yote. Nanyi...

Nyamazeni. Mmesikia? Vikombe vinatikisika. Hiyo ni theluji ya Crestas... imeshuka yote.

Ladina, uko hapa? Nakuona, mama. Gieri? Hujatoka? Gieri! Weka mkono hapa, kifuani... Ndiyo. Una joto. Mkono wa mwanangu una joto... basi, sitaki daktari.