Bwana Mikanda na Suti za Mdogo Wake

Tumefika kumsindikiza baba yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Mikanda.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi viatu na muuguzi. Baada yake alizaliwa mdogo wake wa pekee, Baba Mdogo wetu.

Shuleni alikuwa mwepesi wa hesabu, mzito wa kanuni. Siku moja mwalimu alimuuliza tai yake iko wapi; akainua sweta, kumbe ameifunga kiunoni. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1969.

Mwaka 1974 ndugu hao walifungua duka la suti. Baba Mdogo alikata na kushona. Baba aliwavalisha wateja na kuwachagulia mikanda ambayo mwingine asingethubutu: ngozi ya kijani iliyosukwa kwa suti ya kijivu, au mkanda wa gitaa kwa suti nyeusi. Mzee mmoja alipomwona mkwewe mtarajiwa na huo wa gitaa, alisema, "Huyu kavaa, au kafungwa kama mzigo?" Baada ya harusi alikuja dukani kimyakimya kutaka wake.

Mwaka 1978 alimwoa mama yetu, ambaye husema aliingia kununua shati la babu, akatoka na mchumba.

Lipo jambo alilotuagiza tusilifiche. Mwaka 1989 mpiga picha wa gazeti alifika dukani, akauliza suti iliyosifiwa kwenye harusi moja kubwa ni kazi ya nani. Baba akajibu, "Yangu." Baba Mdogo alikuwa amesimama hapohapo, futi ya kupimia shingoni. Aliiweka futi mezani, akatoka, akafungua kibanda chake mtaa wa pili. Tangu hapo baba akisifiwa, aliitikia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi.

Novemba mwaka juzi alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Akamwambia mama, "Niitie mdogo wangu." Baba Mdogo akaja.

"Siku ile nilipaswa kusema ni wewe."

"Hata ungesema ni sisi, kaka, ingenitosha."

Walilia. Bado baba hakujisamehe. Aliomba azikwe na suti ya mdogo wake, bila mkanda, watu waone mshono tu.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni. Jana, wakati wa kumvalisha, Baba Mdogo alitoa mkanda wa zambarau aliouchagua mwenyewe. Mama akamkumbusha agizo.

"Nalijua, shemeji. Lakini kila asubuhi alipita mbele ya kibanda changu, akipunguza mwendo, nami nikainamia cherehani, nikijifanya simwoni. Niacheni nimfunge."

Akamfunga, taratibu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake. Mungu ampe pumziko lenye amani, nasi tuliobaki atupe ujasiri wa kusalimiana mapema.