Mwalimu Akwii na Bweni Lililoziba Njia ya Panya

Wasikilizaji wapendwa, mliopo jikoni na mliopo kwenye foleni ya malori pale Malaba, sogeeni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Mwalimu Phoebe Akwii. Aliuawa saa nne asubuhi, jua likiwaka, ndani ya msingi wa bweni alilokuwa akiwajengea watoto. Saa nne asubuhi, na kijiji kizima kilisikia.

Mwalimu Akwii alizaliwa karibu na Amagoro. Shule yake aliianzisha chini ya turubai kuukuu alilopewa na dereva mmoja wa trela. Wanafunzi wake walikuwa mayatima, na watoto ambao baba zao walipita mpakani wasirudi. Hawa ndio waliobebeshwa sukari ya magendo kuvuka mto, kwa ile njia ya panya. Gunia likiangukia majini, mtoto alichapwa kwa waya. Mwalimu aliijua migongo yao. Aliwaosha vidonda kwa maji ya chumvi, ndipo akaanza hesabu.

Mwaka jana shirika moja la hisani la wazungu likakubali kuipanua shule: madarasa na bweni. Lakini kiwanja kilikuwa kimoja tu, na njia ya panya ilikipita katikati. Bweni lingeziba njia. Tena lingewalaza watoto ndani, mbali na magunia. Wenye sukari wangekosa njia, wakose na wabebaji.

Vijana wao walikuja kwanza kwa maneno. Anjeline, mdogo wake Mwalimu, alikuwa hapo akikoroga uji wa shule.

"Madam wa wazungu," mmoja akasema, "hii njia ni ya mababu."

"Babu yako alikuwa anabeba sukari?"

Wenzake wakamcheka. Yeye hakucheka. "Ukifunga hapa, tutapita juu yako."

"Nyinyi mko na baiskeli, zungukeni. Hawa wangu hawana pa kuzungukia."

Haikupita wiki, wakamvunja fundi Otukei, aliyekuwa akichimba msingi, mkono kwa nondo. Mwalimu akalishika jembe la fundi, akaendelea kuchimba mwenyewe.

Jumanne wakarudi na mapanga. Walimkuta ndani ya mtaro wa msingi, udongo ukimfika kiunoni. Panga la kwanza lilimpasua bega. La pili alilidaka kwa kiganja, na vidole viwili vikabaki kwenye udongo. Wakampiga kichwani kwa nondo. Watoto wakapiga nduru.

Wasikilizaji wapendwa, kwetu nduru huitikiwa. Ukiisikia, unatoka mbio na chochote kilicho mkononi. Lakini vijiji vya kando ya mto vimejifunza jambo jingine. Huko, nduru ya mchana maana yake ni askari wa forodha. Basi siku ile kila mtu alikimbia, ila alikimbilia ndani. Magunia yakasukumwa chini ya vitanda. Milango ikafungwa kwa komeo.

Job Etyang, kaka yake Mwalimu, anakaa ng'ambo ya ua wa shule. Maneno haya aliyasema kaburini, mbele ya watu wote: "Nilisikia nduru. Nikajua ni forodha. Nikafunga mlango, nikakalia magunia yangu. Dada yangu anakatwa, mimi nimekalia magunia."

Waliokuja ni madereva wa malori, watu wa mbali, wasio na sukari ya kuficha. Walikuja na spana za magurudumu. Wakamnasa kijana mmoja, wakampiga mpaka taya likavunjika, na walikuwa hawajamaliza. Anjeline anasema dada yake alifungua jicho moja.

"Huyo mwacheni," akasema. "Nilimfundisha kusoma huyo."

Wakamwacha. Kijana yu hai, na shauri liko mahakamani, kwa hiyo hatutalizungumzia. Mwalimu alikata roho kabla hawajamfikisha hospitali ya Busia.

Shirika limesimamisha ujenzi mpaka lijue kama watoto watakuwa salama. Bado halijaamua. Lakini Jumatatu baada ya mazishi, Job alishuka kwenye mtaro na jembe. Hakumwita mtu. Akaja jirani, akaja mwingine, wote wale waliokuwa wamefunga milango. Jumamosi iliyopita mtaro wao uliikata njia ya panya, upande hadi upande. Walinzi wake ni wao wenyewe, kwa zamu.

Kwako Anjeline, kwako mzee Job, na kwenu watoto wa Mwalimu Akwii, tunawapa pole. Mungu amlaze mahali pema.

Nawe msikilizaji unayeishi mpakani, jiulize leo. Nduru ikipigwa kwa jirani, miguu yako itaelekea wapi? Toka nje. Sukari ikikamatwa, hununuliwa nyingine. Mwalimu Akwii tumeshamzika.